Treni, Ndege na Vitumbua vya Bi Mwanamkuu

Siku hizi mnapaita kijiweni. Sisi tulisema barazani, na baraza letu pale Mlandizi lilikuwa ubao mmoja mrefu wa mninga juu ya mawe mawili, mbele ya nyumba ya Bi Mwanamkuu, kando ya barabara ya kwenda Dar es Salaam. Nazungumzia miaka ile ambayo sarafu za Mfalme zilikuwa bado nyingi mifukoni kuliko za Malkia. Bi Mwanamkuu alikuwa mjane, na kahawa yake ilikuwa chungu kama ukweli. Labda ndiyo maana tuliinywa huku tukidanganyana. Upande wa mlangoni alikaa Mzee Mwinyijuma, jina la baraza Signali, aliyewahi kufyeka nyasi pembeni mwa reli kule Soga na tangu siku hiyo akajiona reli ni yake. Katikati alikaa Twalibu, tuliyemwita Bama kwa sababu alipigana na Wajapani vitani huko Bama. Alikwenda kwa meli na akarudi kwa meli, lakini ndege alizitazama sana kutoka handakini. Kisha Saburi, fundi cherehani, jina lake Methali. Alikuwa na methali ya kila jambo, na hakuna hata moja iliyokaa mahali pake. Mwisho wa ubao nilikaa mimi. Waliniita Shahidi, kwa sababu sisemi sana, na kila ubishi ulipopamba moto walinigeukia mimi niamue nani kashinda.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Swaumu, binti wa Bi Mwanamkuu, aliolewa na Husseini, na Husseini akapata kazi ya udereva kwa tajiri mmoja wa Kihindi huko Kampala, akamchukua na mkewe. Sasa Swaumu alikuwa na mimba ya kwanza. Kwetu mtoto wa kwanza hupokewa na mikono ya mama wa binti, hilo halina mjadala. Binti hurudi kwao, akajifungua kwa mama yake. Lakini Swaumu alivimba miguu, daktari akamkataza kusafiri, kwa hiyo ikabidi mikono ya mama ndiyo imfuate. Husseini akatuma neno: mama aende Dar es Salaam, dukani kwa ndugu wa tajiri, aseme anachotaka. Akitaka treni mpaka Mwanza na stima ya ziwani, atakatiwa. Akitaka ndege mpaka Entebe, atakatiwa pia. Bi Mwanamkuu hakuwa na mume wala kaka wa kumuuliza, akatuuliza sisi. Alisimama mlangoni akasema: "Baba zangu, nipeni shauri. Nipande nini?"

Kumbe alimkabidhi mbuzi shamba la mihogo. Swali lile tulilitafuna kutwa, tukalilalia, tukaliamkia, na siku zikapita.

Asubuhi ninayoisimulia tulikuta mkeka mpya umetandikwa mbele ya ubao, chetezo cha ubani kinafuka, na sahani kubwa ya vitumbua imefunikwa kwa kawa. Birika lilikuwa juu ya makaa kama kawaida.

— Leo kuna vitumbua, alisema Saburi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mgeni hakuwepo. Saburi akafunua kawa. Bama akawashia sigara yake kwenye kaa la chetezo, maana kiberiti chake kilikuwa kimelowa, na maneno yakaanza pale yalipolala jana.

— Treni, alisema Signali. Nasema treni, nimemaliza.

— Ulimaliza juzi, ukamaliza jana, na leo umeanza tena, alijibu Bama. Mtoto hatakungoja wewe umalize. Ndege unapanda asubuhi, jioni unakula matoke.

— Wewe umepanda ndege lini?

— Nimeziona. Kule Bama zilikuwa nyingi kuliko kunguru.

— Na mimi nimemwona Gavana akipita hapa na motokaa. Je, nimekuwa dereva wake?

— Mwenda pole hajikwai, Saburi akaingilia.

— Ahaa! Signali akajipiga goti. Mwenda pole ni nani kama si treni?

— Sijamaliza, mzee. Mwenda pole hajikwai. Lakini ndege haikanyagi chini. Itajikwaa na nini? Basi methali iko upande wa ndege.

— Shahidi! aliita Signali. Hiyo imekaa sawa?

Nikasema nimeipokea, nitaitafakari. Nilikuwa natafuna.

Bi Mwanamkuu alikuwa amekaa kizingitini, kimya, kavaa buibui lake jipya. Buibui lile nililiona. Nikadhani anakwenda msibani mahali.

— Baba zangu, alisema taratibu, vitumbua hivyo...

— Vitamu, dada, Mungu akuzidishie, alisema Bama. Sasa tega sikio, maana haya yanakuhusu wewe. Ukifika kwenye ndege, kwanza watakupima kwenye mizani.

— Nani atapimwa? aliuliza Signali.

— Abiria. Anapanda juu ya mizani kama gunia la korosho, Mzungu anaandika. Akizidi, anapunguzwa.

— Anapunguzwa nini?

— Mzigo.

— Na mzigo ukiisha naye bado kazidi?

Bama akavuta sigara, akafikiri.

— Hawapunguzi sana, alisema.

— Ngozi ivute ingali mbichi, alisema Saburi kwa huzuni.

Signali akasogea mbele kidogo ubaoni. Tulijua maana yake: ameamka na hoja mpya.

— Mimi nauliza kitu kimoja. Treni inapita wapi? Inapita Tabora. Tabora kuna nani? Wanyamwezi. Wanyamwezi ni nani kwetu? Watani.

— Ndiyo maana asiipande! Mtani akiona kikapu cha Mzaramo atakichukua mchana kweupe, na huna pa kumshtaki. Mama wa watu atafika Kampala mikono mitupu.

— Mtoto anapokewa kwa mikono gani? Iliyoshika vikapu?

Hapo Bama alishikwa, na mimi nikaitikia kwa kichwa kumpa Signali ushindi. Ushindi ukampanda kichwani.

— Tena ngoja. Tuseme kafia njiani.

— Astaghfirullah, alisema Bi Mwanamkuu.

— Mfano tu, dada. Tuseme kafa ndani ya treni, pale Tabora. Watani watakuja, watalala ndani ya kaburi mpaka wapewe chochote, watamtukana marehemu matusi mazuri, watu watacheka, atazikwa kama mtu. Sasa huko hewani nani atamtukana? Wingu?

— Asiyekuwepo na lake halipo, alisema Saburi, na kwa bahati mbaya ile ilikaribia kufaa.

— Na hao Waganda wenyewe, Signali akaendelea, mfalme wao mwaka jana si Waingereza walimpandisha ndege wakamhamishia Ulaya?

— Walimpandisha, alikiri Bama.

— Karudi?

— Hajarudi.

— Basi! Ndege haijamrudisha mfalme, itamrudisha mpika kahawa?

Wote tulilitazama birika, na hapo ndipo nilipotambua ugonjwa wetu. Nyumbani kwa Signali hakuna aliyekuwa akimsikiliza, hata kuku. Bama hakuwa na mke. Saburi alikuwa na cherehani, na cherehani haijui kubisha. Mimi sisemi nilikuwa na nini. Shauri la treni na ndege lilikuwa tamu kwetu kwa sababu kadiri lilivyorefuka, Bi Mwanamkuu alikuwa bado yupo.

— Kwa Tatu nilichelewa, alisema Bi Mwanamkuu.

Tatu alikuwa dada yake Swaumu, mkubwa. Alifia uzazini kule Bagamoyo, mama yake akiwa njiani. Mvua ilikuwa imechukua daraja, akazunguka, akafika akakuta udongo wa kaburi bado mbichi. Toka siku hiyo hajaimba tena akipika. Roho iliniuma, nasema kweli, na nadhani iliwauma wote. Ilikuwa saa ya mtu kusema neno la maana, na Signali akalisema:

— Ndiyo maana nasema treni. Daraja lake ni la chuma.

— Treni haina hata kibla! alifoka Bama, na ubishi ukafufuka. Inapinda! Rakaa ya kwanza unaelekea Makka, ya pili reli imepinda, unaelekea boma la Kisarawe. Unamsujudia Disii, mkuu wa wilaya!

— Na hewani je? Kibla kiko chini ya miguu. Atasali kifudifudi?

— Hewani Mungu yuko karibu, huhitaji kuelekea mbali.

— Karibu wapi! Mwili unakwenda mbio, roho inabaki. Roho ya binadamu mwendo wake ni wa punda, hilo linajulikana. Bi Mwanamkuu atashuka Entebe jioni, na roho yake ndiyo kwanza inapanda kilima cha Pugu. Atampokea mjukuu hana roho!

— Na kwenye treni roho inakaa wapi?

— Behewa la nyuma. Daraja la tatu.

— Kule Bama nimewaona Wazungu wakishuka kwenye ndege, wazima.

— Walikuwa na roho?

— Sikuwauliza. Walikuwa maofisa.

— Na lile ziwa? aliuliza Saburi. Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga. Mama mtu mzima avue nguo mbele ya abiria?

Signali akacheka cheko la mwenye siri.

— Havui kitu. Treni ikifika Mwanza inaingia ziwani.

— Inaogelea?

— Inaingizwa ndani ya stima, nzimanzima, na stima ina reli tumboni. Wewe abiria umelala zako. Utajua uko majini siku utakapotoa mkono dirishani ukashika sato.

— Shahidi!

Nilikuwa bado namtafakari yule sato wakati honi ilipolia. Lori lilikuwa limesimama ng'ambo ya barabara, limejaa magunia. Bi Mwanamkuu aliinuka.

— Haya, baba zangu. Mimi ndiyo nakwenda.

— Haya, dada, alisema Bama bila kugeuka. Usikawie, birika linakwisha.

Alisimama kidogo. Nilikiona kivuli chake juu ya mkeka, hakiendi mbele wala nyuma. Honi ikalia mara ya pili. Kivuli kikaondoka, na baada ya muda lori nalo likaondoka, likatumwagia vumbi la barabara nzima. Tulifunika vikombe kwa viganja. Signali alimtukana dereva. Saburi aliviokoa vitumbua viwili kwa kuvitia mdomoni.

— Sasa nawaambia jambo, alisema Bama vumbi lilipotulia, na sauti akaishusha. Serikali inatengeneza treni yenye mbawa.

Signali alitaka kucheka, kisha uso wake ukabadilika.

— Ina magurudumu?

— Yote. Kwenye nchi kavu inakwenda relini. Ikifika ziwani inaruka.

— Na roho?

— Inaruka polepole. Roho inawahi kudandia.

Mzee Signali aliitikia kwa kichwa, mara ya kwanza mimi kumwona akikubaliana na Bama.

— Hiyo nimeikubali. Itakuja lini?

— Mvua zikipita. Inategemea Wazungu.

— Subira huvuta heri, alisema Saburi.

Wakanigeukia. Nikafuta mikono, nikakaa sawa, nikatoa hukumu ya baraza: Bi Mwanamkuu angoje treni yenye mbawa. Tulipeana mikono. Tulifurahi kama watu waliomaliza kujenga msikiti.

Ndipo akaja mtu kwa miguu kutoka upande wa Kibaha, mgeni, bonge la mtu mwenye mikono iliyochanikachanika kwa miiba ya katani.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, baba. Karibu ukae. Mtu wa wapi?

— Tabora. Niko mashamba ya mkonge hapo chini. Naitwa Mashaka.

— Mnyamwezi! Signali akapiga makofi. Tulikuwa tunawasema sasa hivi!

— Kumbe nimefika kwa Wazaramo? Basi nimefika kwa watumwa wangu, alisema Mashaka. Kwa haki ya utani hakungoja kukaribishwa, akanyoosha mkono sahanini akachukua kitumbua. Tukacheka. Kitumbua kikapanda, na karibu na mdomo kikasimama. Alitazama mkeka. Alitazama chetezo. Kisha akakirudisha sahanini polepole, utani wote umemtoka usoni.

— Niwieni radhi, watani. Hii ni dua ya nani?

— Dua gani? aliuliza Bama.

— Mkeka umetandikwa, ubani umewashwa, vitumbua hivi. Au mmeshaisoma?

Jambo lile tulilijua tangu tukiwa watoto: mtu hatoki kwake kwenda safari mpaka wazee wamekaa mkekani, ubani umefuka, imesomwa Fatiha, ndipo watu wale. Nilitazama mkeka. Hapakuwa na alama ya aliyekaa. Ndani ya chetezo, juu ya ubani, mlikuwa na rundo dogo la majivu ya sigara.

— Bi Mwanamkuu! aliita Bama. Dada!

Mlango ulikuwa na kufuli.

— Buibui jipya, nilisema.

— Unasema nini, Shahidi?

— Alikuwa amevaa buibui jipya.

— Uliliona?

— Nililiona.

— Na hukusema?

— Hamkuniuliza.

Signali alikuwa ameikodolea macho barabara.

— Lile lori, alisema.

— Lori la magunia? aliuliza Mashaka. Limenipita pale kwenye kona ya mikorosho. Mama mmoja kakaa juu ya magunia, kakumbatia kikapu. Akanipungia mkono. Nikajua kanifananisha.

— Ukafanyaje?

— Ningefanyaje? Nikampungia na mimi. Nikamwambia, safari njema, mama.

Bama aliitupa sigara yake. Tulikuwa watu wanne ubaoni, tumekunywa kahawa ya mwanamke yule miaka, na aliyemuaga ni Mnyamwezi asiyemjua hata jina.

— Anakwenda wapi? Mashaka akauliza.

— Kampala, nilisema. Mwanawe anakaribia kujifungua.

— Mbali. Anapanda nini, treni au ndege?

Swali jepesi. Signali aliangalia chini. Bama alinitazama mimi, nami nikalitazama birika. Saburi akafungua mdomo, tukamngoja wote, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue methali haikutoka. Akachukua birika badala yake, akaliinamisha juu ya kikombe. Likatoa machicha.

Mzee Signali ndiye aliyeteremka kwanza. Alikaa kwenye ule mkeka, goti likilia, nasi tukamfuata mmoja mmoja kama watoto wa chuo cha Kurani waliochelewa. Mashaka alikung'uta majivu ya sigara, akapuliza kaa, akatia punje za ubani zilizobaki. Moshi ulipanda. Tukasoma Fatiha, kisha Signali akainua mikono.

— Ewe Mola wetu, mfikishe Mwanamkuu binti Mwishehe. Mfikishe salama. Awahi. Safari hii awahi, ya Rabi. Kama ni ndege, iende...

Akajifunika uso kwa viganja.

— Na kama ni treni, Bama akamalizia, isisimame.

— Amina, tukasema.

Tuliisema kwa moyo, lakini vitumbua vyake vilikuwa bado midomoni mwetu. Mashaka peke yake ndiye aliyesema amina na mdomo mtupu.